Gharama ya 'hapana' ya rubani tuilipe sote

Na Mwandishi Wetu, Chovai

NENO rubani lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani. Katika visiwa vyetu vya Wabajuni, tangu Kismayo hadi Ras Kamboni, rubani ni yule ajuaye miamba na milango ya maji, asimamaye omo kumwelekeza mshika usukani apitishe chombo wapi. Ndege zilipokuja, Waswahili hawakutafuta neno jipya. Walilichukua hilo hilo wakampa mtu aketiye mbele ya ndege. Pamoja na jina wakampa na lawama. Ndege ikianguka, swali la sokoni, la redioni na la kwenye simu ni moja: "Rubani alifanya nini?"

Swali hilo ni la haki. Aliyeshika usukani lazima aulizwe. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huwa ndilo swali la kwanza na la mwisho. Rubani akishapatikana na kosa, wengine wote hujikung'uta vumbi wakaenda zao: mwenye ndege, fundi, mpakiaji, mwenye uwanja, serikali, na sisi wenye mizigo. Mara nyingi rubani mwenyewe ni maiti, na maiti hajitetei.

Nawaandikia wafanyabiashara wa mipakani kwa sababu jambo hili linawahusu kuliko wanavyodhani. Sisi wa Chovai hatuna uwanja wa ndege. Twaenda Kismayo kwa mashua. Lakini tukishafika Kismayo, mwenye haraka hutazama juu, maana barabara za kusini mwa Somalia hazijawa za kuaminika kwa miaka mingi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenzetu wa Bunia na wa Baidoa. Ndege ndogo za mizigo na abiria ndizo lori zetu. Kwa hiyo lawama ya ndege iliyoanguka ina njia ya kutufikia hata sisi ambao hatujawahi kugusa usukani wake.

Chukua ajali moja ambayo wachuuzi wa miraa wa Nairobi na Mogadishu wanaikumbuka. Alfajiri ya Julai 2, 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliruka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikielekea Mogadishu. Shehena yake ilikuwa miraa. Haikufika mbali. Iliangukia jengo la biashara mtaani Utawala, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Kenya walihitimisha kwamba chanzo cha ajali kilikuwa uamuzi wa wafanyakazi wa ndege kuruka nayo huku ubovu wake ukijulikana, na kutokatiza mwendo wa kuruka ingawa vyombo viliwapa tahadhari 27.

Anayeishia hapo atasema wale marubani walijiua wenyewe, na maneno yake yatakuwa na ukweli. Kuna ubovu uliojulikana na tahadhari zilizosikika, na mkono ulioweza kukatiza haukukatiza. Lakini tujiulize kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto, asikie tahadhari moja baada ya nyingine na bado aendelee. Hakuna apendaye kufa kwa ajili ya marobota ya miraa. Mtu huendelea pale kusimama kunapoonekana kuna gharama kubwa kuliko kwenda.

Yaliyokuwa vifuani mwa wale wanne yamekwenda nao, wala simshutumu mwenye mzigo wa siku ile. Lakini biashara yenyewe twaijua. Miraa huchumwa Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba, hukimbizwa kwa magari usiku hadi Nairobi. Siku ya pili imeanza kunyauka, na ya tatu haina mnunuzi. Biashara hii ilipofungwa na Somalia Machi 2020 hadi ilipofunguliwa tena Julai 2022, kila aliye ndani yake alijifunza kwa uchungu maana ya mzigo usiofika. Kwa hiyo ndege ikichelewa kuondoka, simu huanza. Mwenye mzigo humpigia wakala. Wakala humpigia mwenye ndege. Mwenye ndege humpigia rubani. Katika mlolongo huo hakuna hata mmoja anayesema, "Ruka na ndege mbovu." Kila mmoja huuliza tu, "Vipi, mbona hamjaondoka?" Swali dogo hilo likifika kwa rubani limeshakuwa zito kama nanga.

Sasa tazama ni nani hulipa rubani akisema "hapana". Kama analipwa kwa safari, siku hiyo amekosa. Kama mkataba wake ni wa miezi michache, amejitia doa. Mwenye ndege atasema fulani ni mwoga, atafutwe mwingine. Mwenye mzigo atahamia kampuni nyingine. Gharama yote ya neno moja la usalama humwangukia mtu mmoja, tena mshahara wake haulingani na thamani ya mzigo. Lakini akisema "ndiyo" na ndege ikafika, faida hugawanywa kwa wote. Katika hesabu kama hiyo si ajabu kwamba "ndiyo" ni nyingi kuliko "hapana".

Wazee wetu wa bahari walilijua tatizo hili, na wakalipatia dawa ambayo sisi wa ndege hatuna. Chombo kikishikwa na tufani, nahodha ana mamlaka ya kuamuru shehena itoswe ili chombo kiwe chepesi. Sheria ya bahari, ambayo mizizi yake ni ya Wayunani wa Rhodes na Warumi wa kale, na ambayo mpaka leo meli kubwa huifuata chini ya Kanuni za York-Antwerp, yasema kwamba hasara hiyo haimwangukii peke yake yule ambaye mzigo wake ulitoswa. Hugawanywa kwa wote waliofaidika na kuokoka kwa chombo. Mwenye chombo hulipa sehemu yake na wenye shehena hulipa yao, kila mtu kwa kadiri ya mali yake iliyosalimika.

Watu hudhani sheria hiyo ni ya huruma. Kumbe ni ya usalama. Nahodha akijua kwamba hasara itagawanywa, mkono wake hausiti. Hasimami kwenye mawimbi akifikiria ni tajiri gani atakayemshitaki akitosa magunia yake. Na matajiri nao hawamzuii, kwa sababu kila mmoja anajua hatafilisika peke yake.

Nasema basi: lawama za ajali ya ndege zigawanywe vivyo hivyo, na kabla ya lawama igawanywe gharama ya kusema "hapana". Hilo la pili ndilo litakalopunguza la kwanza.

Tuangalie ajali nyingine za eneo letu tuone lawama hukaa wapi.

Januari 8, 1996, jijini Kinshasa, ndege ya Antonov An-32 iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kunyanyuka kutoka uwanja wa Ndolo. Ikapita mwisho wa njia ya kurukia, ikaingia katika soko la Simbazikita lililokuwa limejaa watu. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao wachuuzi na wanunuzi ambao hawakuwa na safari yoyote siku hiyo. Marubani wawili, raia wa Urusi, walihukumiwa kifungo cha miaka 2. Hukumu ilistahili, kwa kuwa rubani hapaswi kuondoka na uzito ambao ndege haiwezi kuubeba. Lakini mzigo haupandi ndege kwa miguu yake. Kuna aliyeuleta, kuna aliyeupima au aliyeacha kuupima, kuna aliyepokea fedha za kila kilo ya ziada, na kuna walioacha soko likue ukingoni mwa njia ya ndege.

Hapo kwenye kupima ndipo mfanyabiashara anapoingia moja kwa moja. Tuseme magunia 100 yameandikwa kilo 50 kila moja, na kila moja lina kilo 55. Kwa mwenye gunia, kilo 5 ni ujanja mdogo wa kupunguza nauli. Kwa ndege, hizo ni kilo 500, nusu tani ambayo rubani haijui. Yeye amepiga hesabu ya mwendo na urefu wa njia kwa karatasi aliyopewa. Ongeza joto la mchana la pwani yetu, ambalo hupunguza nguvu ya mabawa na ya injini, ongeza na njia fupi ya kurukia, utaona kwamba ndege ile iliruka kwa hesabu ya uongo. Ikianguka, ripoti itaandika kwamba rubani aliruka akiwa na uzito uliozidi. Itakuwa kweli, lakini mwenye gunia naye alikuwamo katika ule uzito.

Kuna na ajali ambazo kumtafuta mkosaji kwenye usukani ni kumdhulumu. Mei 4, 2020, ndege ya Embraer 120 ya kampuni ya Kenya, African Express Airways, ilikuwa ikikaribia kutua Bardale, katika eneo la Bay, Somalia. Ilikuwa imebeba vifaa vya afya vya kupambana na corona. Ilidunguliwa, na watu wote 6 wakafa, Wakenya miongoni mwao. Siku chache baadaye ilibainika katika maelezo ya upande wa Ethiopia kwa Umoja wa Afrika kwamba walioipiga ni wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa wakilinda mahali pale, ambao hawakuwa katika kikosi cha AMISOM. Walisema hawakuwa na habari ya safari hiyo, na kwa jinsi ilivyokuja chini wakadhani ni ndege ya kujitoa mhanga.

Itazame ajali hiyo kwa jicho la jumuiya. Ndege ni ya nchi moja, anga ni ya nchi ya pili, bunduki ni ya nchi ya tatu. Kila upande ulikuwa na kipande cha habari, na hakuna aliyeviunganisha. Rubani angekuwa hodari kuliko wote duniani, asingeweza kukwepa risasi ya mtu ambaye hakuambiwa kwamba mgeni anakuja. Hapo lawama kubwa ni ya waliopaswa kupeana habari.

Nisije nikaeleweka kwamba marubani hawana makosa. Wanayo, na mengine ni makubwa. Usiku wa manane wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, safari nambari 507, iliruka kutoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi. Ilikuwa Boeing 737-800, mpya kabisa. Iliondoka bila ruhusa ya waongoza ndege, katika hali mbaya ya hewa. Kapteni aliamini kwamba mtambo wa kujiendesha umewashwa, na haukuwa umewashwa. Ndege ikalala pole pole upande mmoja gizani, hakuna aliyetazama vyombo, na alipogutuka alipoteza mwelekeo. Ilianguka kwenye kinamasi karibu na uwanja, na watu wote 114 wakafa.

Ripoti ya Cameroon haikumung'unya maneno juu ya waliokuwa mbele. Hata hivyo haikuishia kwa mtu mmoja. Ilitaja pia uratibu hafifu kati ya kapteni na rubani msaidizi, na taratibu za usimamizi wa safari ambazo hazikufuatwa. Kila anayejua chombo ataelewa. Baharia kijana akiona mwamba na asithubutu kumwambia nahodha kwa kuogopa kukaripiwa, chombo kile kina tundu ambalo kalafati haiwezi kuliziba. Anayewafundisha watu hao, anayewapanga pamoja, na anayejua mapungufu ya kila mmoja ni kampuni. Kosa la usiku mmoja angani huanza miezi mingi nyuma, ofisini.

Halafu ipo ajali iliyofundisha dunia nzima. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari nambari 302, iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka dakika chache baadaye. Watu 157 walikufa, na Wakenya 32 walikuwa miongoni mwao. Miezi mitano kabla, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Upesi kulisikika maneno, hata katika Bunge la Marekani, kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangalimudu hali ile. Maana yake ni kwamba kosa lilikuwa la rubani wa Kiafrika na mwenzake wa Asia.

Ukweli ulipotoka, ilionekana kwamba ndani ya ndege ile kulikuwa na mfumo wa kompyuta uliosukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea habari za kipimo kimoja kilichoharibika, na marubani wa dunia hawakuelezwa kikamilifu kuhusu mfumo huo. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani. Lau dunia ingeishia kwenye swali la "rubani alifanya nini?", ndege hizo zingeendelea kuruka na ubovu wao, na wa tatu wangefuata.

Hata hapo hesabu haikuwa ya upande mmoja. Ripoti ya mwisho ya Ethiopia ilipotolewa Desemba 2022, wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa walisema waziwazi kwamba ripoti hiyo haikuyapa uzito wa kutosha matendo ya marubani. Ethiopia ilishikilia kwamba mzizi ni mfumo wa kompyuta. Ubishi huo ni wa heri. Kugawa lawama si kumfichia rubani wetu kwa sababu ni wetu, kama vile si kumtwika yote kwa sababu ni wa nchi maskini.

Lawama haziishii ndege inapogusa chini. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwamo watu 43. Waliokufa ni 19, pamoja na marubani wote wawili. Waliookoka ni 24. Waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Sisi wavuvi wa Chovai twawapongeza wenzetu wa Bukoba, lakini pongezi zisifunike swali. Uwanja uliojengwa kando ya maji unastahili boti ya uokoaji iliyo tayari na watu waliofunzwa, kila saa ndege inapotua. Mtu aweza kuokoka kuanguka akafa kwa kuchelewa kuokolewa, na kifo hicho hakimo katika hesabu ya rubani.

Nimesikia hoja ya wanaopinga maneno haya, na ni hoja nzito. Wanasema: lawama ikiwa ya wote, mwisho wake si ya yeyote. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Rubani analipwa na kuheshimiwa kwa sababu neno la mwisho ni lake. Ukimwambia makosa yatagawanywa, utampa mwanya wa kuzembea.

Jibu langu liko katika ile sheria ya kutosa shehena. Kugawa hasara baharini si kuitawanya ipotee. Hukaa watu wenye ujuzi, wakapiga hesabu: chombo chathamini kiasi gani, mzigo wa fulani kiasi gani, kila mmoja alipe ngapi. Hakuna anayetoka pale bila fungu lake kutajwa. Ndivyo lawama za ndege zinavyopaswa kuhesabiwa. Rubani atajwe na lake, fundi na lake, mwenye kampuni na lake, mtengenezaji na lake, mwenye mzigo na lake. Anayezembea hapati mwanya hapo. Anayepata mwanya ni mwenye kampuni pale tunapomtaja rubani peke yake, maana kesho ataajiri mwingine na kumpigia simu ile ile.

Kuhusu neno la mwisho, ndiyo, ni la rubani na libaki lake. Hiyo ndiyo sababu ya kulilinda. Neno la mwisho lililozungukwa na vitisho si neno la mtu huru. Ukitaka kumwajibisha mtu kwa kutosema "hapana", kwanza hakikisha kwamba aliweza kuisema.

Kanuni za dunia zimeliona hili. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachofuatwa na nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinasema lengo la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Kazi ya kuhukumu ni ya mahakama, nayo ina mlango wake. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Sababu ya kutenga uchunguzi na hukumu ni ya busara: fundi akijua kila atakalosema litampeleka jela, hatasema, na tundu litabaki wazi likisubiri ndege nyingine. Mwenye kuzembea kwa makusudi, kama wa Kinshasa, mahakama imngoje. Mwenye kukosea kwa uaminifu na akasema ukweli, asikilizwe.

Sasa turudi nyumbani. Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Kongo ilitangulia mwaka 2022. Jumuiya inayo taasisi ya kusimamia usalama wa anga, CASSOA, yenye makao Entebbe, ambayo kazi yake ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Anga ya Somalia, iliyoongozwa kutoka Nairobi kwa zaidi ya miaka 20 chini ya Umoja wa Mataifa, ilirudi mikononi mwa Mogadishu Desemba 2017, na Januari 2023 ikarudishiwa daraja A. Hayo ni maendeleo. Lakini jumuiya ya forodha na pasipoti bila jumuiya ya ukweli wa ajali ni nusu jumuiya. Ndege inayokataliwa kuruka Nairobi kwa ubovu isipate nafuu ya kuruka kutoka Bunia au Kismayo. Na ripoti ya ajali ya Nairobi yapaswa kusomwa na mwenye mzigo wa Mogadishu na wa Kismayo, kwa Kiswahili, siyo kubaki kwenye makabati ya wizara.

Serikali zina kazi yao, nasi wafanyabiashara tunayo yetu, wala haihitaji kusubiri mkutano wa marais.

Kwanza, tupime kwa haki. Kilo iandikwe ilivyo. Chama cha wafanyabiashara kiwe na mizani yake na kimkatae mwanachama anayedanganya uzito, kama vile kinavyomkatae mwenye fedha bandia.

Pili, mkataba wetu na kampuni ya ndege useme wazi kwamba safari iliyoahirishwa kwa sababu ya usalama haina faini, na kwamba mzigo hautahamishiwa kwingine kwa sababu hiyo. Maneno hayo machache yatampa rubani nguvu kuliko hotuba mia.

Tatu, hasara ya mzigo ulioharibika kwa sababu rubani alikataa kuruka igawanywe. Vyama vya miraa, vya samaki na vya kamba vinaweza kuweka mfuko mdogo, kila kilo isafiriyo ikichangia kidogo, ili siku ndege inapobaki chini, mmoja asife njaa kwa ajili ya usalama wa wote. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana vimefanya kazi kwa mtindo huo miaka nenda miaka rudi. Kama twaweza kuchangiana sanda, twaweza kuchangiana gharama ya kutoihitaji.

Nne, tuache zile simu. Mwenye mzigo asimpigie rubani, wala wakala asimtumie salamu za vitisho. Mwenye swali aulize ofisi ya kampuni, na ofisi ijibu kwa maandishi.

Tano, ajali ikitokea, vyama vyetu vidai ripoti ya awali siku ya 30 na ripoti ya mwisho mwaka ukiisha, kwa sauti ile ile tunayoitumia kudai ushuru upunguzwe. Tuisome yote, tusiishie kwenye mstari unaomtaja rubani. Tutazame nani mwingine ametajwa, na kama amepewa maagizo, tuulize baada ya miezi 6 ametekeleza nini.

Gharama ya haya ni ndogo. Ni gunia moja lililobaki chini leo, ni mchango wa shilingi chache, ni subira ya asubuhi moja. Mfanyabiashara anayeona hiyo ni hasara na apige hesabu ya upande wa pili: ndege iliyoanguka hubeba mzigo wote, hufunga njia kwa wiki nyingi, hupandisha bima, na huacha wajane katika nchi mbili au tatu.

Siku rubani atakapokuambia mzigo wako hauendi leo, usimtafute mwingine. Muulize tu itakuwa lini, kisha umwambie mwenzako aliye na mzigo ndani ya ndege hiyo kwamba hasara ya leo mtagawana.